Mshumaa wa kwenye chombo: maswali yenu kuhusu nta, utambi na harufu

Barua nyingi za safari hii zinalalamikia harufu: haitoki kabisa, inatoka kiduchu, ilinukia siku ya kwanza kisha ikatoweka. Nazijibu moja baada ya nyingine, ila msomaji asishangae nikimrudisha kwenye utambi hata pale ambapo hakuuliza habari zake. Huko ndiko mishumaa mingi inakoharibikia.

Ndiyo kwanza naanza. Ninunue nta gani?

Nunua nta iliyoandikwa kuwa ni ya vyombo. Nta ya mishumaa inayosimama yenyewe ni ngumu, na hunywea ikipoa ili ichomoke kwenye kalibu. Ukiimimina kwenye glasi itajitenga na ukuta. Nta ya vyombo ni laini, nyingi huyeyuka kati ya nyuzi 45 na 55 za sentigredi, na hushikamana na glasi.

Baada ya hapo ni suala la tabia ya kila nta. Ya soya, yaani mafuta ya soya yaliyogandishwa kwa hidrojeni, ilianza kushika soko la mishumaa miaka ya 1990. Huyeyuka kwa joto dogo, huwaka taratibu, na sufuria husafishika kwa maji ya moto na sabuni. Kasoro zake ni uso usiotabirika na uvivu wa kuachia harufu. Parafini, zao la mafuta ghafi, hushika rangi vizuri na huachia harufu upesi. Wengi huchanganya hizo mbili, na kwa anayeanza mimi ningeshika mchanganyiko huo bila kusita. Nta ya nazi ni laini mno kusimama peke yake, ndiyo maana kwa kawaida huuzwa ikiwa imeshachanganywa. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, hudai utambi mnene, na harufu yake ya asali itagombana na manukato yoyote utakayoiwekea. Ukiipenda, itumie bila manukato.

Chagua moja ukae nayo. Ukibadilisha nta, utambi na mafuta ya manukato kwa mkupuo mmoja, hutajua kipi kimeleta nini.

Naambiwa parafini ni sumu na soya ni safi. Ni kweli?

Hayo ni maneno ya matangazo zaidi kuliko ya mshumaa. Nta yoyote ikiungua vizuri hutoa hasa mvuke wa maji na kaboni dayoksaidi. Masizi huja pale moto unapopewa nta nyingi kuliko hewa iliyopo: utambi mkubwa, utambi mrefu, au upepo unaoyumbisha mwali. Soya yenye utambi mbaya itakuchafulia dari, na parafini yenye utambi sahihi haitafanya hivyo. Kama hutaki bidhaa ya mafuta ghafi kwa sababu zako, hiyo ni hoja nyingine na ni halali. Kwa vyovyote, chumba kipitishe hewa.

Mshumaa wangu unachimba shimo katikati, nta ya pembeni inabaki ilivyo. Nimeshabadilisha nta mara kadhaa na hali ni ileile.

Ndugu yangu, rudisha nta yako ya kwanza. Hapa mshtakiwa ni utambi.

Kinachowaka kwenye mshumaa ni mvuke wa nta. Utambi hufyonza nta iliyoyeyuka, huipandisha hadi kwenye mwali, joto huigeuza mvuke, na mvuke ndio unaoshika moto. Kwa hiyo utambi ndio unaoamua moto upate chakula kiasi gani, na ukubwa wa moto ndio unaoamua dimbwi la nta litatanuka hadi wapi. Ukiwa mwembamba kwa chombo chako, joto halifiki ukutani. Linachimba kwenda chini, nta inafurika shimoni, na mwisho utambi unazama na kuzimika.

Utambi huchaguliwa kwa upana wa ndani wa chombo. Ujazo hauhusiki: glasi ndefu na glasi fupi zenye upana mmoja huanza na utambi uleule. Pima kwa rula, kisha angalia jedwali la mtengenezaji wa utambi, maana namba za mtengenezaji mmoja hazilingani na za mwingine. Jedwali ni pa kuanzia tu. Nunua saizi inayotajwa, na moja chini yake na moja juu yake. Mimina vyombo vitatu vinavyofanana kila kitu isipokuwa utambi, uviwashe siku moja, chumba kimoja, pasipo upepo.

Kata utambi ubaki kama milimita 6, uwashe, uhesabu takriban saa moja kwa kila sentimita 2.5 za upana. Chombo cha sentimita 7.5 kipewe saa tatu. Unatafuta dimbwi lililofika ukutani au lililobakiza ukingo mwembamba, lenye kina cha kama sentimita moja. Zima, acha igande kabisa, rudia hadi chini.

Usikatishe jaribio hilo njiani. Wengi huhukumu utambi kwa siku ya kwanza: wakiona dimbwi limegusa ukuta ndani ya saa moja wanashangilia. Lakini nta inavyoshuka, kuta za glasi huzuia joto lisitoke na moto huzidi ukali. Utambi uliowahi kufika ukutani juu kabisa utakuwa mkali kupita kiasi chombo kikifika nusu, glasi haishikiki na masizi yanapaka mdomo wake. Utambi mzuri mara nyingi huacha ukingo kidogo siku ya kwanza, kisha huja kuuyeyusha baadaye. Mimi huamini zaidi ninachokiona nusu ya pili ya chombo.

Vyombo vyenye upana wa kuanzia sentimita 9 au 10 mara nyingi hutaka tambi mbili ndogo zilizoachana. Utambi mmoja mnene huko hutoa mwali mrefu na moshi kabla haujafika pembeni.

Utambi wangu unaota kichwa cheusi kama uyoga.

Ni kaboni iliyoshindwa kuungua. Utambi ni mkubwa, au ni mrefu, au umezidisha mafuta ya manukato. Anza na mkasi: kata kila mara kabla ya kuwasha, mshumaa ukiwa umepoa, na usiuache uwake zaidi ya saa nne mfululizo. Uyoga ukirudi hata hivyo, shuka saizi moja. Kichwa kidogo kwenye utambi wa karatasi au pamba si jambo la kukukosesha usingizi.

Tambi za pamba, zenye waya, za mbao: zipi bora? Na waya huo si risasi?

Utambi wa pamba uliosukwa bapa hujikunja ncha ukiwaka, ncha ikatoka nje ya mwali na kuungua yenyewe. Ufumbuzi huo ulitoka Ufaransa mwaka 1825, kazi ya Cambacérès. Kabla yake mtu alikaa na mkasi pembeni akipunguza utambi usiku kucha. Tambi zenye uzi wa karatasi katikati husimama wima vizuri na hufaa nta za soya. Zenye waya wa zinki hazianguki hata dimbwi likiwa la kina. Za mbao hupendeza na hutoa mlio wa kuni, lakini ni kaidi kuwashika moto na zinahitaji majaribio zaidi. Sizipendekezi kwa mshumaa wa kwanza.

Risasi ilitumika kweli zamani. Marekani iliipiga marufuku kwenye tambi mwaka 2003, na watengenezaji wanaoaminika waliachana nayo. Ukiwa na tambi za asili usiyoijua, chubua pamba hadi waya uonekane, uusugue kwenye karatasi nyeupe. Ukiacha alama ya kijivu kama ya penseli, tupa zote.

Niweke mafuta kiasi gani? Mimi hupima kwa vijiko.

Weka kijiko kabatini, ununue mizani. Mafuta hayana uzito mmoja, na kijiko cha leo si cha jana. Nta nyingi za vyombo hupokea asilimia 6 hadi 10 ya uzito wake, na muuzaji wa nta hutaja kikomo chake.

Mfano: glasi yako, hadi pale unapotaka nta ifike, inaingia mililita 200 za maji. Nta ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo utahitaji kama gramu 180 kwa jumla. Kwa asilimia 8, hiyo ni gramu 167 za nta na 13 za mafuta. Anza na asilimia 6, uone.

Najua utaniuliza kwa nini usiende 12. Kwa sababu nta iliyoshiba hutapika. Mafuta hutoka jasho juu, hutuama chini, huziba utambi, mwali hudhoofu, na kwa mwali dhaifu harufu hupungua. Wapo wanaoongeza mafuta kila mara harufu ikififia, na kila mara inafifia zaidi. Pia kila manukato yana kikomo cha usalama. Mwombe muuzaji hati ya IFRA, chama cha kimataifa cha manukato, usome mstari wa kundi la 12. Mishumaa imo humo.

Chupa imeandikwa mafuta yanashika moto kwa nyuzi 65. Nikiyatia kwenye nta ya nyuzi 80, harufu haitaungua?

Haitaungua. Namba hiyo ni joto ambalo mvuke wa mafuta unaweza kuwaka ukikutana na cheche au mwali. Imewekwa kwa ajili ya usafirishaji na utunzaji, na haisemi harufu inapotea lini. Kwa soya, kutia mafuta kwenye nyuzi 80 hadi 85 na kukoroga polepole dakika mbili nzima husaidia yachanganyike. Kinachopoteza harufu ni kuiacha sufuria kwenye joto kwa muda mrefu baada ya kutia. Ila namba ile ichukulie kwa uzito kwa jambo moja: pasiwe na moto wazi karibu unapochanganya.

Naweza kutumia pafyumu yangu, au ladha ya keki? Au mafuta asilia ya mimea?

Pafyumu ina alkoholi, usiiguse. Ladha na rangi za chakula nyingi zina maji; hazichanganyiki na nta, na moto ukizikuta hurusha cheche. Kalamu za nta za watoto huziba utambi. Mafuta asilia ya mimea yanawezekana, lakini mengi huyeyuka hewani kwa haraka, hutoa harufu hafifu kwenye moto, na kuwa ya asili hakuyafanyi kuwa salama zaidi. Maua makavu juu ya nta ni mapambo ya picha, na ukiwasha ni kuni.

Manukato yenye vanila, kwa taarifa, hugeuza nta nyeupe kuwa ya kahawia. Usipambane nayo, ipe rangi ya kahawia tangu mwanzo.

Mshumaa ukiwa umezima unanukia hadi sebuleni. Nikiuwasha, hakuna kitu. Mafuta ni mabovu?

Kama unanukia ukiwa baridi, mafuta yamo. Kinachokosekana ni joto la kuyatoa. Harufu ya mshumaa unaowaka hutoka kwenye dimbwi, na dimbwi dogo hutoa kidogo. Panda saizi moja ya utambi kabla hujagusa kingine chochote.

Swali la pili: uliuwasha lini? Soya ifunikwe ikae wiki moja, ikiwezekana mbili, kabla ya kuwashwa. Parafini huwa tayari ndani ya siku chache. Halafu toka nje ya nyumba kidogo, urudi. Pua iliyokaa na harufu saa mbili haiisikii tena, na anayeingia mlangoni ndiye hakimu wako.

Glasi yoyote ya jikoni inafaa?

Hapana. Iwe nene, isiyo na ufa wala kiputo, iliyotengenezwa kuhimili joto. Mdomo usiwe mwembamba kuliko tumbo, maana joto hujikusanya juu na glasi hupasuka. Vikombe vya udongo vinavyovuja, vibuyu na vibakuli vya mbao, acha. Kibati kinachoushika utambi kwa chini kibandike katikati kabisa. Ukikiweka kando, mwali unaramba ukuta mmoja. Zima moja kwa moja nta ikibaki sentimita moja chini.

Na kwa kuwa hakuna aliyeuliza: nta iyeyushwe juu ya sufuria ya maji, usiondoke ukaiacha. Ikishika moto, zima jiko na uifunike kwa mfuniko. Usiimwagie maji kamwe, yatalipuka mvuke na kurusha nta inayowaka.

Juu pamebonyea na pembeni kuna mabaka ya ukungu mweupe. Wateja hawapendi.

Ukungu ni fuwele za soya, na mabaka ya ukutani ni nta iliyoachia glasi. Hayagusi namna mshumaa unavyowaka. Yanapungua ukipasha glasi kidogo kabla ya kumimina, ukimimina kwa joto la chini kidogo, na ukiviacha vyombo vipoe taratibu vikiwa vimeachana. Yasiyokwisha yafichwe kwa glasi ya rangi, wengi hufanya hivyo. Mbonyeo toboa kwa kijiti uone kama chini yake kuna uwazi, ujazie nta kidogo ya moto uliyobakiza. Ukiwa mdogo tu, upulizie hewa ya moto ya mashine ya kukaushia nywele mpaka uso usawazike.