Maswali na Majibu: Sabuni, Siki au Soda katika Choo cha Karavani?

Barua za safari hii zinahusu jambo ambalo wengi huona haya kulizungumza mezani, ingawa kila anayelala katika karavani, yaani nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari, hulazimika kulishughulikia kwa mikono yake mwenyewe: tangi la choo na kile kinachotiwa ndani yake.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mume wangu tuna karavani ndogo yenye choo cha tangi la kuchomoa, lenye ujazo wa lita 18. Tangu tuinunue tumekuwa tukitumia ile dawa ya buluu inayouzwa kwa ajili ya vyoo hivi, lakini mvuke wake hunikereketa koo, na mtoto wetu hutokwa na machozi kila ninapofungua chupa. Nimesikia watu wakisifu siki, wengine soda ya kuokea, na wengine sabuni ya kufulia nguo. Nilifikiria kuzitia zote tatu kwa pamoja ili nisikose. Je, nitakuwa nimefanya sawa?

JIBU: Dada msomaji, wazo la kuzichanganya liache, kwa sababu vitu hivyo vitatu havisaidiani, bali kila kimoja hudhoofisha kazi ya mwenzake. Siki ni asidi na soda ya kuokea ni kinyume cha asidi. Zikikutana huchemka povu, hutoa hewa ya kaboni dayoksaidi, na kinachobaki ni maji yenye chumvi kidogo yasiyo na nguvu ya siki wala ya soda. Katika sinki povu hilo halina madhara, lakini ndani ya tangi lililofungwa hewa hiyo huongeza mgandamizo, na atakayefungua kilango akiwa ameinama juu yake atajuta.

Kabla ya kuchagua badala ya dawa, ni vizuri kujua dawa yenyewe ilikuwa inafanya nini. Dawa za buluu za zamani zilitegemea fomaldehaidi, na baadhi ya zinazouzwa leo zina viuavijidudu vya namna nyingine. Kazi yake kubwa ni kuua bakteria au kuwadumaza ili taka zisichachuke, na ndiyo maana chupa nyingi huahidi kuzuia harufu kwa siku 4 au 5. Shida ni kwamba kinachoua bakteria hakichagui. Fomaldehaidi hukereketa macho, pua na koo, na mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Soma kibandiko cha chupa yako. Ukiikuta imetajwa humo, machozi ya mtoto yana sababu, na umefanya vyema kutafuta njia nyingine.

Sasa tuiangalie harufu yenyewe, kwa maana si moja. Ya kwanza ni ile kali ya mkojo uliolala, ambayo ni amonia: bakteria huivunja urea iliyomo katika mkojo na kuigeuza kuwa gesi hiyo. Ya pili ni ile ya yai viza, inayotokana na haidrojeni salfaidi, gesi inayozaliwa pale taka zinapokaa bila hewa. Anayekuambia kwamba kitu fulani cha jikoni kinaondoa harufu ya choo, muulize ni harufu ipi kati ya hizo.

Siki huikamata amonia na kuigeuza kuwa chumvi isiyoruka hewani, na hapo sifa zake ni za kweli. Lakini hebu tupige hesabu. Mtu mzima hutoa kiasi cha gramu 20 hadi 35 za urea kwa siku. Kikombe cha mililita 250 cha siki ya kawaida, yenye asidi ya asilimia 5, kina gramu 12 na nusu tu za asidi, ambazo hazitoshi kuikamata hata theluthi ya amonia inayoweza kutokana na gramu 20 za urea. Nyinyi ni watatu. Ili siki ifanye kazi ya siku tatu ingebidi mmimine chupa baada ya chupa, na nafasi ya tangi ingekwisha kwa siki kabla ya kujaa kile kilichokusudiwa. Tena, ukimimina siki katika tangi ambalo tayari linanuka yai viza utaongeza uvundo, kwa sababu asidi huifukuza haidrojeni salfaidi kutoka majini na kuipandisha hewani.

Soda ya kuokea nayo hutuliza harufu za uchachu, ndiyo maana huwekwa ndani ya jokofu, lakini dhidi ya amonia haina msaada. Kwa kuwa huondoa uasidi wa mkojo, huirahisishia gesi hiyo kutoka. Mimi nisingeitia tangini kabisa.

Inabaki sabuni ya kufulia, na hapa ndipo ninapokushauri usimame, kwa sharti kwamba iwe ya maji na iwe na vimeng'enya. Vimeng'enya ni protini zinazokatakata vitu vikubwa kuwa vidogo: proteasi hukata protini, lipasi hukata mafuta, na amilasi hukata wanga. Ni kazi ileile inayofanyika matumboni mwetu, na hata historia yake ilianzia huko, kwani mwaka 1913 mkemia Mjerumani Otto Röhm alipata hataza ya kufulia nguo kwa vimeng'enya vilivyotolewa katika kongosho za wanyama. Ndani ya tangi vimeng'enya hivyo hulainisha kinyesi ili kimiminike kwa urahisi, huku sabuni yenyewe ikifanya kuta za tangi ziteleze na manukato yake yakipunguza ukali wa hewa. Jambo jingine jema ni kwamba vimeng'enya vya sabuni vimetengenezwa kwa maji yasiyo na asidi, na tangi la choo huelekea huko lenyewe kadiri amonia inavyoongezeka. Ukiongeza siki juu yake unavipunguzia nguvu, na hiyo ni sababu ya pili ya kutochanganya.

Kwa tangi lako, mimina kwanza lita 2 au 3 za maji baridi au ya vuguvugu, kisha sabuni isiyozidi mililita 50, ulitikise kidogo na ulirudishe mahali pake. Maji ya moto sana huharibu vimeng'enya. Usitumie sabuni ya unga: baadhi yake huganda chini, na nyingi za kung'arisha nguo nyeupe zina kiungo kinachotoa oksijeni kikilowa, jambo linalofaa katika ndoo iliyo wazi na lisilofaa katika chombo kilichozibwa. Vidonge laini vya sabuni ya maji vinafaa pia, ila viwekwe mbali na mtoto wenu, kwa sababu vinafanana mno na peremende.

Usitarajie, hata hivyo, kwamba sabuni itakupa siku 5. Haiui bakteria, hivyo mchachuko unaendelea, na wakati wa joto unakwenda mbio zaidi. Mwage tangi kila baada ya siku mbili, au tatu kukiwa na baridi. Kwa watu watatu halitawapa nafasi ya kungoja sana hata hivyo, kwa sababu mtu mzima hutoa lita moja hadi mbili za mkojo kwa siku, bado maji ya kusukumia. Wanaotumia vyoo vya kambi kwa haja ndogo mchana, na kuliacha tangi kwa ajili ya usiku, hupunguza harufu kuliko chochote kinachonunuliwa katika chupa.

SWALI: Mhariri, mimi niliona gharama za dawa hazina mwisho, nikaamua kutia dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Siku ya kwanza choo kilinukia usafi. Siku ya pili, nilipofungua kilango, nilipigwa na hewa iliyonifanya nikohoe hadi nikatoka nje. Sasa nahisi pia kwamba kilango kimekuwa kigumu na kinavuja. Nilikosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, ulichovuta ni kloramini, yaani gesi inayozaliwa klorini inapokutana na amonia, na choo chenye mkojo kina amonia ya kutosha. Gesi hiyo huumiza mapafu, na katika chumba kidogo kama choo cha karavani mtu hana mahali pa kukimbilia ila mlango. Kama kikohozi hakijakwisha au pumzi inakubana, mwone daktari. Tangi limwage mahali palipotengwa kwa kazi hiyo, kisha lisuuze kwa maji mengi mara mbili tatu, na kwa muda huu usilitie siki wala kitu chochote chenye asidi: klorini ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini yenyewe, ambayo ni mbaya kuliko hiyo uliyokutana nayo.

Kuhusu kilango, klorini hukausha raba inayokizibia, nayo raba ikishakauka haishiki tena sawasawa. Isuuze, iache ikauke, kisha ipake mafuta ya silikoni. Usiipake jeli ya petroli, ingawa ndiyo watu wanayoikimbilia kwa kuwa ipo katika kila nyumba. Raba nyingi za aina hii huvimba na kulegea zikipakwa mafuta yanayotokana na petroli. Mafuta ya kupikia nayo huteleza kwa siku chache, kisha hunata na kukusanya uchafu. Ikiwa baada ya hapo bado inavuja, raba hiyo imekufa na inahitaji kubadilishwa.

SWALI: Katika kambi tuliyofikia kuna bango lisemalo ni marufuku kumwaga tangi lenye kemikali. Sisi tunatumia sabuni ya kufulia kidogo tu. Je, sabuni si kemikali?

JIBU: Kwa maana ya darasani ni kemikali, kama vile siki na chumvi zilivyo kemikali. Mwenye bango, hata hivyo, ana jambo lake mahsusi. Kambi nyingi zilizo mbali na mabomba ya mji hutegemea shimo la maji taka, na shimo hilo hufanya kazi kwa sababu limejaa bakteria wanaoila taka. Matangi 10 yenye fomaldehaidi au klorini yakimwagwa humo asubuhi moja, bakteria hufa, na shimo linageuka kuwa ghala la uchafu usiooza. Sabuni ya maji kwa kiasi kidogo ni ileile inayotoka katika mashine za kufulia na kuingia katika mashimo ya namna hiyo kila siku, ndiyo maana wengi huikubali. Lakini mwenye shimo ndiye anayejua hali ya shimo lake: mweleze umetia nini na kiasi gani, naye akikataa usibishane naye. Kitu kimoja nikutahadharishe nacho ni kilainisha nguo, kile cha kusuuzia, ambacho baadhi ya watu hukitia kwa sababu kinanukia vizuri. Viungo vingi vya kulainisha ni ndugu wa viuavijidudu, na hakina vimeng'enya vya kukusaidia.

Sabuni katika tangi haiyafanyi yaliyomo kuwa maji ya kumwagilia bustani. Vijidudu vya magonjwa bado ni hai, pengine kuliko vingekuwa ndani ya dawa ya buluu, kwa hiyo tangi halimwagwi vichakani, mtoni wala katika mtaro wa maji ya mvua, na mikono huvaa glavu na kunawa baadaye.

SWALI: Tangi letu lina ukoko mgumu wa rangi ya kahawia iliyofifia ambao hautoki hata kwa brashi, na linanuka hata likiwa tupu. Sabuni haikusaidia.

JIBU: Ukoko huo ni chumvi za mkojo zilizoganda, nao ndio unaohifadhi harufu. Sabuni haiuwezi, ila asidi inauweza, na hapa siki inapata kazi inayoifaa. Likiwa tupu na limesuuzwa vizuri, tena halijawahi kutiwa klorini siku hizo, mimina lita moja ya siki na maji kidogo, au vijiko vitatu vikubwa vya asidi ya sitriki iliyoyeyushwa katika lita 2 za maji ya vuguvugu, liache usiku mzima huku ukiligeuza upande baada ya upande, kisha lisuuze. Ukoko wa miaka utahitaji kurudiwa. Unapolihifadhi tangi kwa miezi mingi liache likauke na kilango kikiwa wazi, ili raba isigandie.

SWALI: Je, ni lazima kununua karatasi maalumu za choo cha karavani?

JIBU: Si lazima. Chukua vipande viwili vya karatasi unayotumia nyumbani, vitie katika chupa ya maji, tikisa kwa nusu dakika. Zikisambaratika, zitasambaratika na tangini, ambako mitikisiko ya barabara hufanya kazi hiyohiyo. Zikibaki vipande vizima, tafuta nyepesi zaidi. Vitambaa vya majimaji vya kufutia watoto havipiti jaribio hilo, hata vile vilivyoandikwa kwamba vinaweza kutupwa chooni.