Kuanzishiwa uchungu kisha kurudi nyumbani

Mama K, umeuliza kama mdogo wako wa Bahi anaweza kuanzishiwa uchungu hapa Dodoma mjini kisha arudi kwake kusubiri. Mimi ni mkunga. Kwa vidonge, hapana kabisa. Misoprostol, kidonge cha kuanzisha uchungu, hata kipimo kidogo cha mikrogramu 25, inaweza kuleta uchungu mkali unaofuatana bila kumpa mtoto nafasi ya kupumzika, na lazima mtu awepo kusikiliza mapigo ya moyo wake.

Wanaoruhusiwa kwenda nyumbani, kwa mfano Uingereza, mara nyingi ni wa puto. Mrija mwembamba unapitishwa kwenye mlango wa kizazi, puto linajazwa maji, mrija unabandikwa plasta pajani. Halina dawa, linasukuma taratibu tu, kwa saa 12 hadi 24. Hata hivyo ni kwa mama asiye na presha, asiye na kovu la upasuaji, mwenye simu, na gari la kumfikisha hospitali upesi hata usiku wa manane.

Bahi ni mbali, dada. Mvua zikinyesha unaijua ile njia. Muulizeni daktari kama kuna chigonela, yaani nyumba ya wajawazito kusubiria kujifungua, hapo hospitali, au alale kwako mjini.

Na popote atakapokuwa: akiona damu, maji ya kijani, homa, au mtoto kapunguza kucheza, asingoje kupambazuke. Arudi wodini saa hiyo hiyo. Kovu analo? Nijibu hilo kwanza.