Kiti cha Baiskeli, Goti Langu na Mafundi Watatu

Nilipoanza kuendesha baiskeli ya gia kutoka Mbeya mjini kuelekea Chunya, barabara inayokwea milima hadi zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, goti langu la kulia lilikuwa likiuma kwa mbele, kwenye pia, kila nilipokaribia Kawetere. Mwenzangu mwenye kasi kutuzidi sote alinishauri nishushe kiti ili nisiyumbe kwenye mteremko, na muuza vipuri mmoja akaniambia kwamba ubaya ulikuwa kwenye pedali, naye alikuwa nazo nyingine. Niliyafuata yote mawili siku moja. Maumivu yalipozidi, sikuwa na njia ya kujua lipi limenidhuru.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja fundi wa Uyole, ambaye hajawahi kushindana hata mara moja. Baada ya kuitikia shikamoo yangu hakugusa spana, bali aliuliza, "Linauma mbele au nyuma, mwanangu?" Kisha akaniagiza nipande kilima kifupi kilichokuwa karibu, naye akasimama nyuma yangu akitazama kiuno. Niliporudi aliniegemeza ukutani, akaniambia nikanyage kwa kisigino pedali iliyokuwa chini kabisa. Mguu ulipaswa kunyooka. Wangu ulikuwa bado umekunjika.

Sababu yake nimeielewa vizuri tangu siku ile. Kiti kikiwa chini mno, goti hukunjika kupita kiasi pedali inapofika juu, na kwenye mlima ambako unasukuma kwa nguvu zote mzigo wote hubanwa kwenye pia ya goti. Kikiwa juu mno, maumivu huhamia nyuma ya goti na kiuno huyumba huku na huku, na ndiyo maana mzee alinitazama kwa nyuma.

Baadaye nilijifunza pia kanuni iliyopata umaarufu kupitia Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda mashindano ya Tour de France mwaka 1986, 1989 na 1990: unapima mguu kwa ndani kutoka sakafuni hadi kwenye msamba, unazidisha kwa 0.883, nawe unapata urefu wa kutoka katikati ya ekseli ya krenki, ile inayoshika mikono ya pedali kwenye fremu, hadi juu ya kiti. Mguu wangu ni sentimita 80, hivyo jibu ni 70.6, wakati kiti changu kilikuwa kwenye 67. Naichukulia kanuni hiyo kuwa mahali pa kuanzia tu, kwa kuwa haijui nyayo za viatu vyako wala unene wa pedali zako.

Sikupandisha kwa mara moja. Niliweka alama kwenye bomba la kiti kwa rangi ya kucha ya dada yangu, nikapandisha milimita 5, nikaendesha kilima kile kile kwa siku kadhaa bila kugusa kitu kingine, ndipo nikaongeza. Angalia tu usivuke mstari uliochongwa kwenye bomba hilo, kwa maana likibaki fupi mno ndani linaweza kuvunja fremu.

Leo mtu akinishauri juu ya baiskeli yangu, kwanza nangoja nione kama atauliza ninapoumia na kama ataomba kuniona nikiendesha. Mzee wa Uyole bado hufanya hivyo. Niliponunua viatu vyenye soli nene zaidi mwaka huu, alivishika, akaibonyeza soli kwa dole gumba, akasema tuongeze milimita 3 kisha nirudi baada ya wiki.