Huyo ni dumuzi, pukuchua mahindi leo

Dada uliyeuliza ni mdudu gani anayeharibu mahindi yako, pole sana. Unga mweupe unaomwagika kutoka kwenye mahindi uliyohifadhi na magunzi yake, na kadudu cheusi chenye kichwa kilichoinama, ni dumuzi. Wengine humwita Scania. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, na kwetu Tanzania aliripotiwa Tabora mwaka 1981.

Usiyaache kwenye magunzi. Gunzi humpa pa kujishikiza anapotoboa punje. Mimi nilichelewa wiki chache tu, nikakuta maganda matupu. Pukuchua, pepeta, anika mpaka punje ilie "ka!" ukiitafuna. Magunzi choma, ghala lifagie hadi kwenye nyufa za nguzo, maana hujificha hata kwenye mbao.

Kisha tumia mifuko isiyopitisha hewa, uifunge vizuri, au dawa ya unga iliyoandikwa wazi kuwa inaua dumuzi. Ile ya fukusi pekee, mdudu mwingine wa nafaka, mara nyingi haimwezi dumuzi. Fuata kipimo na siku za kusubiri kabla ya kula. Mwulize afisa ugani wa kata.

Yenye ukungu tupa, hata kuku usiwape, kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu.