Kikundi cha maombi kisishike hela, nasema kwa niliyoyaona

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Juzi nimepata meseji ya dada mmoja wa Mbeya, amechaguliwa majuzi tu kuwa mwenyekiti wa kikundi cha maombi na maombezi kwenye usharika wao wa KKKT, kanisa letu la Kilutheri Tanzania, ananiandikia hivi, shikamoo mama, sisi kuomba tunaomba vizuri lakini tunakutana na watu wana shida kweli kweli, tunataka tuanzishe mfuko wa kuwasaidia, tuanzeje ili tusije tukagombana na wazee? Nikamjibu kwa kifupi siku hiyo hiyo maana hilo swali limenigusa pabaya, nikamwambia kirefu nitakiandika hapa ili na wengine wasome, kwa sababu najua mko wengi mna moto huo huo wa kuomba na kutoa na hamjui mpite wapi.

Jibu langu ni hili na nitalirudia mpaka mchoke. Kikundi cha maombi kisishike hela. Kitafute wahitaji, kiwatembelee, kiandike majina, kiombe, kifuatilie, lakini shilingi iingie kwa mhasibu wa usharika na itoke kwa saini za watu wengine, sio ninyi mliomwekea mtu mikono kichwani.

Sasa niwaeleze nimefikaje hapo. Mimi niko huku Moshi, usharika wa milimani, nimekuwa kwenye maombi tangu wanangu wakiwa wadogo, na kabla ya kustaafu nilikuwa nafanya kazi kwenye SACCOS, chama cha kuweka na kukopa, kwa hiyo hela ya watu naijua inavyoweza kumgeuza mtu mwema. Kikundi chetu kilikuwa kinakutana Jumatano jioni baada ya watu kutoka shamba, na tulikuwa na daftari la maombi, mtu akija na hitaji linaandikwa, jina, mtaa anaotoka, anaombewa nini. Tunaomba, tunafunga kwa Sala ya Bwana na neema, tunaenda nyumbani. Na tulikuwa tunajisikia tumefanya kazi.

Mimi ndio nilikuwa naandika lile daftari. Kuna jioni nikawa nageuza kurasa za nyuma nikaona majina ni yale yale. Bibi mmoja wa mtaa wa juu kabisa, kila Jumatano yumo, anaomba aombewe miguu. Nikawaambia wenzangu hebu twende kwake. Tukaenda, Julai, na Julai ya huku mlimani mnaijua ilivyo, tukakuta analala kwenye mkeka juu ya sakafu ya udongo, blanketi moja, mlango haufungi. Jamani. Sisi tulikuwa tunakemea ugonjwa wa miguu miezi yote ile na yule bibi analala kwenye baridi chini! Tukamwombea pale pale, na wiki hiyo hiyo akapata godoro na fundi akaja kurekebisha mlango. Akaanza kuja ibada ya kwanza mwenyewe anatembea na fimbo yake. Msiniulize ni maombi au ni godoro, mimi najua Mungu alitenda na godoro lilikuwa sehemu ya jibu lake.

Tukapata na baba mwingine mwenye sukari, yeye alitaka aombewe afunguliwe, anasema ametupiwa kitu. Tukaomba. Halafu nikamuuliza baba unatumia dawa? Akasema dawa ziliisha kitambo, hana hela ya kliniki. Wakati ule kadi ya CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii, ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6, inakutibu kuanzia zahanati mpaka hospitali ya mkoa ya Mawenzi. Elfu thelathini tu, na ndani ya nyumba wako watano. Tangu siku hiyo nikajua daftari la maombi ndio daftari la diakonia, yaani huduma ya kanisa kwa wahitaji, ni kitu kimoja, mtu anakuja kuomba uponyaji kwa sababu kuomba uponyaji hakumwaibishi, lakini kusimama mbele ya watu aseme sina chakula nyumbani hawezi, hasa kwetu huku mtu akionekana ana kihamba, lile shamba la ukoo, wanamhesabu anacho.

Kwa hiyo dada yangu wa Mbeya, ushauri wa kwanza, anza na daftari ulilonalo. Usiitishe mkutano wa kuanzisha mfuko, usichapishe kadi za michango, pitia daftari, yatazame majina yanayojirudia, nenda nyumbani kwao wawili wawili, usiende peke yako hata siku moja.

Na hela sasa. Nilipopeleka wazo kwa mchungaji nikamwambia hatutaki kushika hata mia, tunaomba usharika utupe bahasha ya diakonia, sadaka iingie kwa mhasibu kama sadaka nyingine zote, ipate stakabadhi, na sisi kazi yetu iwe kuleta majina kwenye kamati. Kamati ndio iamue. Na mhitaji tusimpe noti mkononi, tununue kitu chenyewe, godoro, unga, kadi ya bima, sare ya mtoto, na anayepokea asaini au aweke dole gumba mbele ya mzee wa kanisa wa mtaa wake. Wenzangu wengine walinuna, wakasema mama unaleta mambo ya benki kwenye mambo ya Roho. Nikasema sawa, nuneni, tutafanya hivyo hivyo.

Na ndicho kilichotuokoa. Maana baada ya muda mfuko ukakua, watu wakaona matunda wakatoa zaidi, na palipo na hela hapakosi maneno. Kuna mzee mmoja, simtaji na sitamtaja, alisimama kwenye kikao cha baraza akasema hawa kina mama wa maombi wana kanisa lao ndani ya kanisa, na hela za wagonjwa wanakula. Nilikuwa nimekaa pale pale. Mume wangu alikuwa amekaa pale. Nilihisi kama nimevuliwa kanga barabarani. Yaani mtu umeamka alfajiri umepanda mlima kumwosha mgonjwa ambaye watoto wake wako mjini hawaji, unakuja kuambiwa mwizi mbele ya mchungaji wako.

Likaitwa daftari. Mhasibu akaleta stakabadhi, wakalinganisha ukurasa kwa ukurasa, saini kwa saini, kila shilingi ikaonekana ilikoenda na hakuna hata moja iliyopita mkononi mwangu. Mwenyekiti akasema basi tuendelee na ajenda inayofuata. Ndio hivyo tu. Hakuna aliyesema mama pole, hakuna aliyesema tumekukosea, na yule mzee mpaka leo tunapeana mkono wa amani kanisani na hajawahi kulisema. Nimemsamehe, nasema mbele za Mungu nimemsamehe, lakini nikiandika hapa bado kifua kinabana. Sokoni watu walinong'ona mwezi mzima. Ila sikuacha, Jumatano iliyofuata nilikuwepo na daftari langu, na mfuko ule upo mpaka leo, umekuwa mkubwa kuliko tulivyouanzisha, na wapo vijana wamemaliza shule kwa ajili yake ambao hawajui hata jina langu na sihitaji walijue.

Sasa wapendwa, hili la kufunga hela kwa funguo nyingi sio langu. Mwaka 2017 tulipoadhimisha miaka 500 ya Matengenezo ya Kanisa tulikuwa na semina, mwalimu akatufundisha habari ya mji mdogo wa Ujerumani unaitwa Leisnig. Mwaka 1523 wale washarika waliweka utaratibu wa sanduku la pamoja la kusaidia maskini, wagonjwa, wajane na yatima, na Martin Luther mwenyewe akauandikia dibaji. Wakachagua watu 10 wa kulisimamia, wawili kutoka kwa mabwana, wawili wa baraza la mji, watatu raia wa mjini na watatu wakulima wa vijijini, na sanduku likawekwa kufuli 4, kila kundi na ufunguo wake, kwa hiyo huwezi kufungua mpaka wote wawepo. Nilivyosikia hivyo nilipiga makofi peke yangu ukumbi mzima wakageuka. Miaka 500 iliyopita watu walishajua kwamba upendo bila kufuli unaleta matusi! Na tena wakulima nao walikuwa na ufunguo wao, sio mabwana peke yao. Hapo nataka mtazame kamati zenu, mwanamke mjane yumo? Kijana wa bodaboda yumo? Au ni walewale wenye viti vya mbele?

Na mkumbuke sisi Walutheri tumezaliwa kwenye ugomvi wa hela na maombi. Tarehe 31 Oktoba 1517, zile hoja 95 za Luther, kiini chake kilikuwa nini kama sio watu kuuziwa vyeti vya msamaha wa dhambi? Mwaka huo huo wa 2017 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani walikutana Windhoek kule Namibia wakasema wazi, wokovu hauuzwi, mwanadamu hauzwi, uumbaji hauuzwi. Sasa mimi nashangaa, nasema kwa uchungu, naona hata kwenye vikundi vya maombi vya kwetu wameanza, mama panda mbegu ndio uombewe, baba toa sadaka ya kufungua mlango, tuma kwa namba hii ya simu. Namba ya simu ya nani? Ya mwombaji mwenyewe! Hiyo sio sadaka. Mtu mgonjwa atatoa chochote, mnakumbuka 2011 kikombe cha dawa cha Babu wa Loliondo, kikombe chenyewe kilikuwa shilingi 500 tu lakini watu waliuza mbuzi na mahindi wapate nauli ya kufika kijijini kwake Samunge. Mgonjwa hana nguvu ya kukataa. Ndiyo maana nasema mikono inayoombea isipokee, hata kama anakupa kwa furaha, hata kama ni kuku. Mwambie mama asante, sadaka ya shukrani ipeleke madhabahuni Jumapili, weka kwenye bahasha, andika namba yako ya bahasha. Na usimwambie mtu hata siku moja aache dawa. Nimezika watu walioambiwa waache dawa. Anayeombea na daktari wa KCMC wanatumikia mwili ule ule, na hospitali yenyewe ile imetoka kwenye mikono ya Wakristo, ilifunguliwa 1971 na Shirika la Msamaria Mwema.

Jambo lingine ni Desemba. Sisi wa Kilimanjaro mnatujua, Desemba watu wote wanarudi nyumbani, magari yanajaa mpaka kwenye vichochoro, kanisani hakuna pa kukaa, na mnada wa sadaka za vitu baada ya ibada unachangamka, trei la mayai linapanda, mkungu wa ndizi unagombaniwa, kuku anauzwa anarudishwa anauzwa tena. Mungu awabariki sana wanaotoka Dar na Arusha. Lakini Januari wanaondoka, na Januari ndio shida zinaanza, ada ya shule za serikali ilifutwa 2016 mpaka kidato cha nne lakini sare, viatu, madaftari na mchango wa chakula hazijafutwa, mjane mwenye watoto watatu anakaa chini analia. Kwa hiyo hela ya diakonia ya Desemba usiigawe yote Krismasi kwa kupiga picha na vifurushi vya mchele. Sisi kamati inagawa kidogo Krismasi, sehemu kubwa inangoja Januari shule zinapofunguliwa, na nyingine inafungwa mpaka Aprili na Mei mvua ndefu zinapokuja na nyumba mbovu zinavuja. Walitupinga, wakasema hela ya Krismasi iliwe Krismasi. Tukasimama.

Na vitu mnavyotoa jamani. Tarehe 3 Desemba 2023 tope lilipoporomoka kutoka mlima Hanang likawafunika ndugu zetu wa Katesh tulikusanya nguo usharikani kwetu, nilichambua mwenyewe zile gunia. Kuna mtu alileta suruali imepasuka matakoni, kuna aliyeleta kiatu cha mguu mmoja. Mtu amepoteza mtoto na nyumba kwa usiku mmoja unampelekea kiatu cha mguu mmoja? Tulivitoa vyote pembeni, tukapeleka kanga mpya, sufuria na mablanketi. Tukisimama pale mbele kuomba "utupe leo riziki yetu" hiyo yetu ina na yule wa Katesh ndani yake, na ina yule bibi wa mtaa wa juu. Kama huwezi kuivaa wewe Jumapili usiilete, omba tu, kuomba nako ni kutoa, ila usiombe halafu ukatupa uchafu wako kwa maskini ukaita sadaka.

Mwisho dada, uliniuliza habari ya wazee. Usiwakwepe. Mzee wa kanisa wa mtaa aende na ninyi kumwona mhitaji kabla jina halijafika kwenye kamati, maana anajua nani ana watoto mjini wanaotuma hela na nani kweli hana mtu. Majina ya wanaosaidiwa yasisomwe kwenye matangazo, soma jumla ya hela tu, iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki, kila mwezi, hata kama iliyobaki ni elfu mbili. Daftari liwe nakala mbili, moja ofisini kwa usharika na moja kwenu. Na mchungaji akihamishwa, akija mpya mpelekeeni daftari wiki ile ile ya kwanza, mkae naye alisome lote, kabla hajasimuliwa habari zenu na watu wengine.