Mashindano ya visa vya biashara: maswali yenu wiki hii

Mwalimu, timu yetu ni ya mwaka wa pili na tumepangiwa warsha za wiki sita za kujiandaa kwa mashindano ya visa, yale ya kuchambua tatizo la kampuni na kutoa ushauri mbele ya majaji. Tuanze na slaidi?

Hapana, slaidi zisubiri. Anzeni na kisa mnachodhani mnakijua: M-Pesa. Mwaka 2005, Vodafone na Safaricom walifanya majaribio nchini Kenya ili wateja wa Faulu, taasisi ya mikopo midogo, warejeshe mikopo kwa simu. Wateja wakaigeuza huduma, wakawa wanatumiana pesa. Mwezeshaji awape taarifa hadi hapo tu, kisha aulize: mngezindua nini? Kila mmoja atajibu "kutuma pesa" kwa sababu anajua kwamba M-Pesa ilizinduliwa hivyo Machi 2007. Kazi ngumu ni kulitetea jibu hilo kwa yale tu ambayo mameneja waliyajua wakati ule. Wakala atapata wapi floti, yaani akiba ya pesa ya kuhudumia wateja? Atalipwa nini ili asifunge kibanda? Mkishindwa hapo, bado mnasimulia, hamjaanza kuamua.

Tunabishana mpaka muda unakwisha.

Katika mashindano ya John Molson huko Montreal, yanayofanyika tangu 1981, timu hupewa saa tatu za kujiandaa. Jipimeni kwa muda huohuo. Nusu saa ya kwanza kila mtu asome peke yake, kimya. Kisha kila mmoja aandike tatizo kwa sentensi moja, mlinganishe. Mara nyingi mnabishania majibu ya maswali tofauti. Mteueni mapema mtu wa kukata shauri mkikwama, na akishakata, wote mlitetee.

Mwenzetu ana akili sana ya hesabu ila Kiingereza kinamkwaza. Tumwache nje?

Msimwache, tafadhali! Hili linaniuma, maana vipaji vingi vinapotea hivi. Mwacheni aeleze hoja kwa Kiswahili kwanza, hadi inyooke, ndipo aiseme kwa Kiingereza cha sentensi fupi. Jaji makini humsikiliza anayejua namba zilikotoka.

Slaidi ngapi?

Chache. Za mahesabu ziwekeni akiba, mzitoe mkiulizwa.

Mimi ni mlezi wa timu. Kwenye mazoezi niwaulize nini?

Chagua makadirio wanayoyategemea zaidi, uyakate nusu, uwaulize kama ushauri wao bado unasimama. Wakijibu haraka mno, waambie wakuonyeshe hesabu. Halafu mwulize yule ambaye hakuitengeneza slaidi hiyo.