Muhuri wa mtendaji haugawi ardhi ya kijiji

Ndugu wa Mufindi uliyeuliza kama barua ya mtendaji wa kijiji yenye muhuri inatosha kukupa shamba: haitoshi. Mamlaka kisheria ni uwezo uliotolewa na sheria, kwa chombo fulani, kwa utaratibu fulani. Cheo peke yake hakiuleti. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania, Na. 5 ya 1999, kifungu cha 8, inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi, lakini inaikataza kugawa bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, yaani mkutano wa wakazi wote watu wazima. Idhini itangulie. Wengi hukwama hapa: muhtasari (kumbukumbu za kikao) wa halmashauri upo, wa mkutano mkuu haupo.

Kwa hiyo omba nakala ya mihtasari yote miwili, uhakikishe ina tarehe, mahudhurio, jina lako, ukubwa na mipaka. Usilipe hata shilingi kabla ya hapo, tafadhali.

Mgogoro ukizuka, anzia baraza la kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Suluhu ikishindikana ndani ya siku 30, nenda baraza la ardhi na nyumba la wilaya.